Sinia la Safu ya Kumi na Tisa

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa. Na wanaonifahamu watawaambia kwamba mimi siapi ovyo. Tangu nistaafu siapi zaidi ya mara tatu kwa siku, na kwa leo hii ndiyo ya kwanza.

Tulikuwa juu ya mawingu, safu ya kumi na tisa, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye alikaa dirishani, ambako hakuona kitu. Mimi nilikaa kando ya njia, nikaona kila kitu. Niliona toroli likija. Lilisukumwa na mhudumu mwenye skafu ya buluu, na kabla halijafika safu ya kumi nilishalijua kwa mwendo wake. Toroli lenye masinia ishirini na manane ya chakula cha moto hutembea kama mama mjamzito: linanyata, magurudumu yananung'unika, anayelisukuma anainamisha kichwa. Hili lilikuwa linacheza. Lilikuja likirukaruka kwenye zulia kama mtoto aliyefunguliwa shule.

"Limefika?" dada akauliza.

Alikuwa amekwisha teremsha kijimeza chake, akakipangusa kwa kiganja, akaweka mikono miwili juu yake kama mwanafunzi anayengojea karatasi ya mtihani.

"Linakuja," nikasema.

Mhudumu akatupa maji, kikombe kimoja kimoja, vikombe vidogo kama vya kusukutulia meno. Nikamwinamia nikamuuliza chakula kwa sauti ya chini. Akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha jibu swali hilo mara mia tangu asubuhi: chakula hakuna, mzee, siku hizi kuna biskuti na karanga za kuuza, na zinalipiwa kwa kadi tu. Mimi kadi niliyonayo ni ya kliniki.

"Anasemaje?" dada akauliza.

"Anasema wanapasha moto."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa safari. Wa kabla yake siuhesabu, maana ulifanyika ardhini.

Nao ndio uliotufikisha angani. Dada yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka mitatu dunia yake ilikuwa inajifunga kama dirisha la jikoni linaloingia mvuke. Alianza kwa kukosea uzi na sindano. Baadaye akakosea ngazi. Mwisho akawa ananisalimia mimi kwa jina la fundi bomba, na kumuuliza fundi bomba habari za mgongo wangu. Mwanawe, anayefanya kazi nchi ya mbali, akapata daktari, akapata na tarehe. Dada akakataa, ingawa kila nilipomtembelea nilimwambia jicho si kitu. Akapata tarehe nyingine, akakataa. Mara ya tatu mpwa wangu akanipigia simu mimi, akasema, "Mjomba, wewe ndiye unayemweza. Daktari anasema tukichelewa tena kazi itakuwa ngumu."

Kunieleza mimi kwamba namweza dada ni kunichekesha. Huyu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati mpaka darasa la tatu. Hakuna anayemweza. Lakini kuna kitu kimoja alichokipenda kutoka kwangu, nacho ni hadithi za sinia.

Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika jiko la uwanja wa ndege, lile jengo refu jeupe lisilo na madirisha lililo nyuma ya matangi ya mafuta. Nilikuwa mpanga masinia. Tulisimama kwenye meza ndefu yenye mpira unaotembea, sinia likija tupu kutoka kushoto likiondoka limejaa kulia, na katikati tulikuwa watu sita kila mmoja na kitu chake. Kwa siku tulipanga masinia elfu kumi na moja. Sawa, elfu nne. Nilianza kwa mkate, nikapandishwa kwenye saladi, nikamaliza kama mkaguzi wa mwisho, yule anayelitazama sinia zima kwa sekunde moja na kujua kuna uma umekosekana.

Nililiona pia likipungua. Wakubwa wa mashirika walituletea bwana mmoja mwenye mizani ndogo mfukoni, tukamwita Bwana Gramu. Mwezi wa kwanza aliondoa zabibu tatu juu ya saladi. Hakuna abiria aliyelia. Akaondoa saladi. Akaikata siagi nusu, akauondoa mkate wa pili, akakifanya kitamu kiwe pipi, pipi ikawa ahadi. Watu sita mezani tukawa wanne, tukawa wawili. Siku yangu ya mwisho nilisimama peke yangu mbele ya ule mpira unaotembea, nikitia pakiti za biskuti kwenye sanduku. Haikuwa kazi ya kukagua. Biskuti haina kushoto wala kulia.

Hayo dada sikumwambia. Yeye nilimwachia sinia la enzi zake. Kila Jumapili nilipomtembelea nililipanga upya mbele yake hewani: mkate juu kushoto, kitamu juu kulia, kuku katikati akifuka moshi, kijiko na uma hapa chini, karibu na tumbo. Nilimwambia nimesafiri nalo mara nyingi, nikionja angani ili kuhakikisha chumvi haipungui kwa ajili ya mwinuko. Nilimwambia juu ya rubani aliyelia kwa sababu ya mchuzi wetu. Akawa anacheka mpaka anashika meza.

Basi mpwa wangu aliponipigia simu, nilikwenda kwa dada na sinia langu. Nikamwambia: ndege ni mbili, ya kwanza mwendo wa saa tano, halafu tunashuka kubadilisha. Utakula mpaka ulegeze kamba. Na hilo jicho lenyewe ni kitu cha kupepewa tu, hutasikia hata chembe ya maumivu.

Akanigeuzia sikio.

"Ulishawahi kupepewa jicho?" akauliza.

"Nimewaona waliopepewa."

"Sikiliza, mdogo wangu. Nitapanda hiyo ndege ya kwanza. Sinia likija kama unavyosema, basi na habari ya jicho ni kama unavyosema. Lisipokuja, pale tunapobadilisha mimi nageuka na kurudi nyumbani. Na mwanangu asinipigie tena."

Asubuhi ya safari alifunga kikapu: mkate, viazi vya kuchemsha, ndizi nne. Nikakitoa garini nikakirudisha mezani kwake. Nikamwambia ni aibu kubeba chakula kwenda kwenye karamu. Naye, ili aache nafasi, hakunywa hata chai.

Saa ya pili angani tumbo lake likaunguruma, nikalisikia kupita sauti ya injini. Hakulalamika. Mikono ilikuwa bado juu ya kijimeza.

"Wanapasha moto kweli," akasema.

"Wengi hao. Wanaanzia mbele."

Ndipo harufu ilipoanza. Kumbe ndege nzima ilikuwa inajua jambo ambalo mimi, mtu wa jiko, nilikataa kulijua. Mikoba ilifunguliwa, karatasi zikachakacha, vifuniko vikabanduka. Mmoja alitoa mayai. Mwingine, nyuma kidogo, kuku wa kuchoma aliyekunjwa kwenye karatasi ya foili. Watu walikuwa wamekuja na majiko yao mapajani, wakala kimya kimya, viwiko vimebanwa, kila mtu na safari yake.

Dada akainua pua. "Haya sasa," akasema, akatabasamu. "Wamekaribia."

Nikasema nakwenda msalani.

Nyuma kabisa, palipokuwa jiko la ndege, mhudumu mwenye skafu alikuwa amekalia kiti cha kukunja, amevua kiatu kimoja. Akataka kukivaa. Nikamwambia akiache.

"Mwanangu," nikasema, "hilo sanduku la tatu kutoka chini, mkono wa kushoto. Zamani lilikuwa la mikate."

Akanitazama. "Umejuaje?"

"Nimelijaza miaka thelathini na mmoja."

"Siku hizi tunawekea mifuko ya takataka," akasema, na akaona aibu kidogo, kana kwamba ni yeye aliyeamua.

Nikamweleza. Sikumweleza kwa urefu. Nilimwambia tu nina dada haoni, hajala, na akishuka na njaa hatapanda ndege ya pili, na asipopanda ya pili hataona tena. Sitaki chakula, nikasema. Nataka sinia, maji ya moto na dakika kumi.

"Mzee, nitafukuzwa kazi."

"Kwa kumwazima babu sinia?"

Akacheka, akafungua kabati, akatoa sinia la plastiki lililokwaruzika, lile lile, kimo kile kile. Nililipokea kwa mikono miwili. "Dakika kumi," akasema. "Na usiguse kitufe chekundu."

Safu ya ishirini na nne alikaa muuguzi mmoja, mama wa makamo, na mayai yake kwenye kitambaa. Nilipomaliza kumweleza alikuwa ameshanyoosha mkono. "Chukua mawili. Mimi siku hizi nikipanda ndege najihesabu naingia porini. Nabeba mpaka chumvi." Akaongeza vipande vya tango na nusu mkate.

Mwenye kuku alikuwa fundi wa friji, jitu la mabega, anakwenda kufunga mitambo mahali. Alimtazama kuku wake, akanitazama mimi, akamtazama tena kuku. "Mke wangu akijua nimegawa paja," akasema, "nitarudi kwa miguu." Akaligawa.

Nikarudi nyuma, nikaosha mikono, nikapanga. Yai nililikata vipande vinne kwa kisu cha plastiki nikavilaza kwenye tango. Paja katikati. Chumvi kwenye pembe ya karatasi, kijiko cha plastiki mahali pake. Nilipofika kwenye nafasi ya kitamu nikasita, mkono ukabaki hewani. Mhudumu akafungua mkoba wake mwenyewe akaniwekea kipande cha chokoleti. Nikalitazama sinia zima kwa sekunde moja. Halikukosa kitu. Zamani nilikuwa nalimaliza kwa sekunde kumi na moja. Siku hiyo ilikuwa dakika tisa.

Nikafunga leso kiunoni. Nikakohoa. Nikatafuta ile sauti niliyokuwa nayo kabla ya kuoa.

"Samahani, mama. Chakula chako. Kuku."

"Ahsante, mwanangu!" Akainua uso kuelekea sauti. "Na mdogo wangu je? Amekwenda msalani."

"Tutamletea, mama."

"Mletee kidogo. Huyo ana tumbo la gesi."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaondoka, nikavua leso, nikahesabu mpaka sitini, nikarudi kukaa nikiwa mimi.

"Umekawia," akasema, kinywa kimejaa.

"Foleni. Aa! Wameleta? Si nilikuambia?"

Hakujibu. Alikula kama anavyosali, bila haraka na bila kuruka kitu. Alimaliza paja mpaka mfupa ukawa safi kama kifungo. Alimaliza yai, akamaliza tango, akakung'uta makombo ya mkate kiganjani akayatia mdomoni. Nikaegemeza kichwa. Nilijiona nimeshinda, nilishaanza kuipamba hadithi hii, nikiamua kama paja liwe moja au mawili.

"Kizuri sana," akasema mwishowe, akipitisha kidole kwenye ukingo wa sinia. "Kuku kachomwa hasa. Ila sinia limenipa mgongo."

"Limekupa nini?"

"Mgongo. Jumapili zote umeniambia mkate juu kushoto, kitamu juu kulia, kijiko karibu na tumbo. Kijiko nimekitafuta mpaka nimekikuta huko ng'ambo, kwenye kiti cha mbele. Mkate ulikuwa hapa chini kulia. Kitamu hiki hapa, chini ya kwapa la kushoto. Vyote vipo, na vyote vimenigeukia."

Nikalitazama sinia.

Mezani kwetu, pale kwenye mpira unaotembea, sisi wapanga masinia tulisimama upande ambao mlaji hakai. Sinia lilipita mbele yetu likiwa limetugeukia kisogo. Kijiko kilikuwa mbali na tumbo langu, kila siku, kwa miaka thelathini na mmoja. Hivyo ndivyo ninavyolijua sinia lililo sawa. Angani mhudumu hulizungusha kwa kifundo cha mkono anapoliweka, kidogo tu, bila kufikiri. Hilo zungusho sikuwahi kuliona, kwa sababu lilifanyika mahali ambapo sikuwahi kufika. Mdomo wangu ulijua upande wa mlaji, mikono haikujua; nililiweka mbele ya dada kama ilivyozoea mikono.

"Mhudumu wa ndege hawezi kukosea hivi," dada akaendelea, taratibu, akilamba kidole. "Aliyeniwekea hili ni mtu aliyezoea kusimama upande wa pili. Na ana tumbo la gesi."

Mlio ukasikika juu ya vichwa, rubani akatangaza imebaki saa moja na nusu kutua.

"Umewahi kupanda ndege, wewe?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Na yule rubani aliyelia kwa ajili ya mchuzi?"

"Alikuwa analalamika. Kwa simu."

Akatikisa kichwa polepole. Akanitafuta mkono, akaukuta umeshika kiti, akaubandua kidole kimoja kimoja. Ulikuwa unakishika kiti hicho kila nilipokaa tangu tulipoondoka chini, mwenyewe sikujua. Akaushika kwa mkono wake. Ulikuwa na mafuta ya kuku.

"Jicho litauma?" akauliza.

Ningeweza. Nilikuwa na hadithi mdomoni, tena iliyopambwa vizuri. Lakini alikuwa amenigeuzia yale macho mawili, meupe kama vioo vya dirisha la bafuni, na hayakuwa yananiona, na bado nilijua yananitazama.

"Sijui, dada," nikasema.

Katika miaka sitini na saba sikuwahi kumwambia neno hilo. Akakaa nalo kidogo, kama mtu aliyepewa kitu kizito bila kuambiwa ni nini.

"Yai lilitoka kwa nani?"

"Kwa muuguzi. Safu ya ishirini na nne."

"Niitie."

Muuguzi akaja, akachuchumaa njiani, magoti yakalia. Dada akamuuliza bila maneno mengi. Yule mama hakupamba. Alisema alimpeleka mama yake mzazi, akakaa naye. Wanatia matone ya ganzi. Kisu husikii, unasikia maji na mwanga mkali, na unaogopa. Baadaye linawasha, kama lina mchanga ndani, siku mbili tatu. Usiku wa kwanza mama yake hakulala vizuri, akawa anamtukana kila mtu.

"Kama mchanga," dada akasema.

"Mchanga, mama. Mwingi kidogo."

"Mchanga naujua."

Muuguzi alipoondoka dada aliegemea kiti, akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, macho yamefumbwa:

"Mara mbili nilikataa, na mara mbili mwanangu akadhani naogopa kisu. Nilikuwa nakuogopa wewe. Kila ulipokuja uliongeza sukari. Nikajiambia, ni jambo gani hilo baya hivyo, hata huyu mtoto alifunike namna hii? Kitu kisichouma kabisa nilikuwa sikiamini."

Nikalichukua sinia tupu, nikalirudisha nyuma kwa mhudumu.

Tulipotua alinishika mkono juu ya kiwiko. Mbele yetu njia ziligawanyika, moja ya wanaorudi, moja ya wanaoendelea. Watu walitupita kwa mizigo yao. Fundi wa friji akapunga mkono, paja moja pungufu.

"Lango la ndege ya pili ni namba ngapi?" dada akauliza. "Soma kilichoandikwa. Usiongeze kitu."

Nikasoma.

"Twende. Na njiani tuelewane malipo."

"Malipo gani, dada?"

"Ya kikapu changu. Ya ndizi zangu nne zinazooza mezani. Na ya kunitolea sauti ya mvulana masikioni, mtu mzima mwenye wajukuu. Ulidhani sitaijua? Ndiyo sauti uliyoniombea pesa ya viatu."

Ndiyo maana mkinikuta leo nimesimama mbele ya sinki la mpwa wangu, mikono ndani ya povu mpaka viwikoni, msiniulize. Daktari alimkataza dada kuinama na kugusa maji ya sabuni kwa wiki nne. Hukumu yake ikafuata humo humo: wiki nne, vyombo vyote, asubuhi, mchana na jioni, na asinisaidie mtu. Mke wa mpwa wangu alijaribu siku ya kwanza, akaambiwa akae. Mpwa wangu anapita jikoni akiwa na kikombe, ananitazama, anasema, "Pole, mjomba," na anakiacha kikombe.

Siku za mwanzo dada alikaa nyuma yangu kwenye kiti, jicho la kulia limefunikwa kikombe kidogo cha plastiki, akikagua kwa kidole. Anapitisha kidole kwenye sahani na kusikiliza. Inayolia anaiweka kabatini. Isiyolia ananirudishia. Mchanga alioahidiwa ulikuja, ulimkaa siku tatu, alitutukana wote kwa zamu.

Jana asubuhi hakukaa. Alisimama kando yangu, dirishani, kikombe cha plastiki kimeshaondolewa tangu juzi, akachukua sahani niliyotoka kuisuuza. Hakutumia kidole. Aliiinua kwenye mwanga, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Maji yalimtiririka kwenye kiganja mpaka kiwikoni, hayakumshughulisha. Nilizima bomba ili nisimsumbue.

"Kumbe zina maua," akasema.

"Zina maua."

Akaizungusha, ua moja baada ya jingine, mpaka akarudi kwenye la kwanza. Kisha akanipa.

"Na hapa pana mafuta. Rudia."

Nikarudia.